Mwaka wa Kungoja: Je, Ni Haki Kumchelewesha Mtoto Kuanza Chekechea?

Wajumbe wa bodi ya shule, wazazi, walimu wenzangu, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu ili kufika hapa jioni hii, nawashukuru kwa kunipa nafasi. Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo najua wengi wenu mmelijadili nyumbani usiku, watoto wakiwa wamekwisha kulala: mtoto anapotimiza umri wa kuanza chekechea wiki chache tu kabla ya tarehe ya mwisho, je, aandikishwe mwaka huu pamoja na wenzake, au abakizwe mwaka mmoja zaidi ili aanze akiwa mkubwa? Na wazazi wanaochagua kungoja, je, wanawatendea haki wale ambao hawangoji?

Naomba nianze na meza ya uandikishaji, ambako nimekaa miaka mingi. Asubuhi moja alikuja baba mmoja na mwanawe, ambaye alikuwa anatimiza miaka 5 wiki mbili kabla ya tarehe ya kikomo. Mtoto alizijua herufi zote, na wakati sisi wakubwa tukisalimiana alisoma kwa sauti neno TOKA lililoandikwa juu ya mlango. Baba yake hakuja kumwandikisha, bali alikuja kuniomba nimwekee nafasi ya mwaka unaofuata, na nilipomwuliza sababu alinijibu bila kuficha: "Mwalimu, sitaki mwanangu awe mdogo kuliko wote darasani. Nataka awe mbele."

Haikupita saa moja, akaketi kwenye kiti kilekile mama mmoja ambaye mtoto wake alizaliwa mwezi uleule. Huyu alijificha nyuma ya kiti akiwa ameshika sketi ya mama yake, hakutaka kutaja jina lake, na kalamu ya rangi niliyompa aliishika kwa ngumi, kama mtu anayeshika mwiko. Mimi mwenyewe ndiye niliyemshauri mama afikirie kungoja mwaka mmoja. Alinitazama kidogo, kisha akasema taratibu: "Nikingoja, mwalimu, atakaa na nani?" Alikuwa akifanya kazi ya zamu, na tangu mtoto azaliwe alikuwa akimlipa mtu wa kumwangalia, kwa hiyo mwaka wa chekechea ndio mwaka ambao alikuwa akiuhesabia siku. Sikuwa na jibu. Mtoto yule aliyehitaji kungoja akaingia darasani mwaka ule, na yule ambaye hakuhitaji akangoja.

Nimelibeba jambo hilo tangu siku ile, na ndilo ninalotaka kulifungua mbele yenu.

Kwanza tuielewe tarehe yenyewe. Kila mfumo wa shule hauna budi kuchora mstari mahali fulani katika kalenda, na mstari huo, popote utakapochorwa, utawaweka katika chumba kimoja mtoto aliyetimiza miaka 5 jana na mtoto ambaye kesho kutwa atatimiza miaka 6. Kwa mtu mzima miezi 12 si kitu, lakini kwa mtoto wa miaka 5 miezi hiyo ni sehemu moja ya tano ya maisha yake yote. Mwalimu wa chekechea huiona tofauti hiyo katika wiki ya kwanza, wakati wa kuvaa makoti. Mmoja amekwisha kufunga vifungo vyote na yuko mlangoni, huku mwenzake bado anapambana na kifungo cha kwanza, ulimi ukiwa umetoka nje kwa jitihada, na kabla hajakipitisha katika tundu lake wengine wanaanza kumlilia mwalimu kwamba wanacheleweshwa. Mtoto yule si mvivu wala si mzito. Vidole vyake vina mwaka mmoja pungufu.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu nilipokuwa kijana katika kazi hii niliwahi kuandika katika ripoti ya muhula, kuhusu mtoto mmoja, maneno "mzito wa kuelewa." Nilikuwa na daftari la uandikishaji mezani pangu, tarehe yake ya kuzaliwa ikiwa imeandikwa wazi, wala sikulifungua. Ni mwaka uliofuata, mwalimu wa darasa la kwanza aliponiuliza kwa nini nimeandika vile, ndipo nilipotazama nikakuta kwamba alikuwa mdogo kuliko wote niliokuwa nao, tena kwa tofauti ya miezi. Maneno yale yalikuwa yamekwisha kusomwa na wazazi wake, na yumkini na yeye pia baadaye, na siwezi kuyafuta.

Basi mzazi anayeogopa kumweka mtoto wake katika nafasi hiyo haogopi kivuli. Mwaka 2006 watafiti Kelly Bedard na Elizabeth Dhuey walichambua matokeo ya mitihani ya kimataifa ya watoto wa nchi nyingi zilizoendelea kiuchumi, wakakuta kwamba wadogo kuliko wote katika darasa la nne walikuwa nyuma ya wakubwa kuliko wote kwa nafasi 4 hadi 12 katika kila 100, na kwamba katika darasa la nane pengo lilikuwa limepungua, likiwa kati ya nafasi 2 na 9, bila kufutika. Kuna jambo linalonisikitisha zaidi ya hilo. Mwaka 2018 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti uliofanywa Marekani juu ya watoto wanaotambuliwa kuwa na tatizo la kukosa umakini na utulivu, lile linalojulikana kwa kifupi kama ADHD. Katika majimbo ambayo tarehe ya kikomo ni 1 Septemba, waliozaliwa Agosti, yaani wadogo kuliko wote darasani, walipewa jina la ugonjwa huo kwa kiwango cha watoto 85 katika kila 10,000, ilhali waliozaliwa Septemba, ambao ni wakubwa kuliko wote katika darasa lao, walikuwa karibu 64. Katika majimbo yasiyokuwa na tarehe hiyo tofauti hiyo haikuonekana. Hakuna maradhi yanayochagua watoto wa Agosti wakiwa upande mmoja wa mpaka wa jimbo na kuwaacha wakiwa upande wa pili. Kilichoonekana ni utoto wa kawaida ukilinganishwa na utoto uliokomaa kidogo, halafu ukaandikiwa dawa.

Nchini Denmaki, Thomas Dee na Hans Henrik Sievertsen walitoa matokeo mwaka 2015 yaliyoonyesha kwamba watoto waliochelewa mwaka mmoja kuanza chekechea walikuwa na utulivu na umakini mkubwa zaidi, na kwamba faida hiyo ilikuwa bado ipo walipofika miaka 11. Utafiti huo husomwa sana na wazazi wanaotaka kungoja, na wana haki ya kuusoma. Nawaomba tu wasome na mazingira yake: mtoto wa Denmaki anayebaki nyuma mwaka mmoja hukaa katika malezi ya awali yaliyo bora ambayo karibu kila familia inaweza kuyapata, anacheza na wenzake, anatunzwa na watu waliosomea kazi hiyo. Mwaka wake wa kungoja una kitu ndani yake. Mwaka ambao mtoto anaupitisha mbele ya televisheni katika chumba cha jirani, kwa sababu mlezi mwingine hakupatikana, haufanani na ule hata kama kalenda inasema ni mwaka.

Sasa niseme upande wa pili, maana ningekuwa sijawatendea haki kama ningewaacha mfikiri kwamba kungoja ni faida tupu. Nchini Norwei, Sandra Black, Paul Devereux na Kjell Salvanes waliwafuatilia watu hadi utu uzima na kuchapisha matokeo yao mwaka 2011. Wanaume waliopimwa akili jeshini wakiwa na umri wa miaka 18 hivi hawakuonyesha faida ya kuanza shule wakiwa wakubwa. Kama kulikuwa na tofauti, ilikuwa ndogo na iliwaelekea walioanza wakiwa wadogo. Tena walioanza mapema waliingia kazini mapema, kwa hiyo wakawa na kipato kikubwa zaidi katika ujana wao, hadi tofauti hiyo ilipotoweka wakikaribia miaka 30. Mzazi anayemwongezea mtoto mwaka mmoja mwanzoni anapaswa kujua kwamba mwaka huo unatoka mahali, nao hutoka katika mwaka wa kwanza wa kazi ya mtoto huyo, kama si mahali pengine.

Kuna pia hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha, inayohusu watoto wa familia dhaifu. Sheria za nchi nyingi humruhusu kijana kuacha shule anapofika umri fulani, haidhuru yuko darasa gani. Joshua Angrist na Alan Krueger walionyesha mwaka 1991, kwa takwimu za Marekani, kwamba walioanza shule wakiwa wakubwa kutokana na tarehe zao za kuzaliwa waliufikia umri huo wakiwa wamesoma kwa muda mfupi zaidi, na kwa jumla waliishia na masomo pungufu kidogo. Kwa kijana ambaye nyumbani kwao hakuna anayefikiria kuacha shule, jambo hilo halimgusi. Kwa kijana anayeitwa na kazi mapema, mwaka ulioongezwa mwanzoni unaweza kuwa ndio mwaka uliokatwa mwishoni. Mwaka uleule, basi, unaweza kuwa zawadi katika nyumba moja na hasara katika nyumba nyingine.

Ninawasikia wazee wakinukuu, na methali zetu zenyewe zimegawanyika. Mmoja anasema haraka haraka haina baraka, mwingine anajibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Nadhani zote mbili ni za kweli, na kinachoamua ni tumbo la nani linalongoja.

Nchini Marekani, ambako desturi hii imejadiliwa sana, ina jina lililotoka katika viwanja vya michezo vya vyuo vikuu. Mchezaji mchanga huweza kuwekwa nje ya mechi rasmi kwa msimu mzima, akawa anafanya mazoezi tu na wenzake akiwa amevaa jezi nyekundu, ili msimu unaofuata aingie uwanjani akiwa na misuli zaidi na bila kupoteza muda wake halali wa kucheza. Mtoto anayecheleweshwa kuanza chekechea huitwa kwa jina hilohilo la jezi nyekundu. Jina hilo linanisumbua, kwa sababu mchezaji huwekwa nje ili aje awashinde wengine, na ndivyo hasa alivyoniambia baba yule mezani: awe mbele. Lakini darasani hakuna mbele pasipo nyuma. Tukimwondoa mtoto mmoja katika nafasi ya mdogo kuliko wote, nafasi hiyo haifutiki. Inamwendea anayefuata, na sasa anayefuata analinganishwa na mwenzake aliyemzidi, labda, miezi 15 badala ya 12.

Ni nani hasa wanaovaa jezi hiyo? Daphna Bassok na Sean Reardon waliandika mwaka 2013 kwamba watoto wanaocheleweshwa kwa hiari nchini humo ni kati ya asilimia 4 na 5.5, idadi ndogo kuliko inavyovumishwa, lakini haikutawanyika sawasawa. Wengi ni wavulana, ni Wazungu, ni wa familia zenye kipato kizuri, na hukusanyika katika shule zilezile. Hilo halinishangazi hata kidogo. Chekechea ya umma hailipiwi, ilhali mwaka mwingine wa malezi ya siku nzima unalipiwa, tena sana. Haki ya kungoja imeandikwa kwa kila mzazi, lakini wanaoitumia ni wale wanaoweza kuigharimia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mara nyingi simlaumu, kwa kuwa hajamwona. Baba yule na mama yule hawakuja kwenye meza yangu kwa wakati mmoja.

Hapa naomba muwe na subira nami kidogo, maana kuna hoja moja ambayo niliiamini kwa miaka mingi na ambayo imenibidi niiache. Nilikuwa nikisema kwamba mtoto anayengoja huwaumiza wenzake kwa kuwa mkubwa miongoni mwao. Elizabeth Cascio na Diane Schanzenbach waliichunguza hoja hiyo kwa kutumia mradi mkubwa ulioanza mwaka 1985 katika jimbo la Tennessee, ambako watoto waligawanywa madarasani kwa bahati nasibu, jambo lililowezesha kujua ni nini kinasababishwa na nini. Walichokikuta ni kinyume cha nilivyodhani: kwa wastani, mtoto aliyepangwa na wenzake wakubwa alinufaika, si kuumia. Nilipolisoma hilo nilikumbuka madarasa yangu mwenyewe, na ni kweli. Nimemwona mtoto wa miaka 6 akimshika mkono mwenzake mdogo na kumwongozea mkasi kwenye mstari, kwa uvumilivu ambao mimi mwalimu sikuwa nao asubuhi ile. Mdogo akajifunza kukata karatasi wiki ile, na hakujifunza kwangu.

Kwa hiyo dhuluma haiko katika kukaa pamoja. Watoto wakubwa na wadogo wamekaa pamoja tangu dunia ianze. Dhuluma inaingia pale tunapowapima wote kwa rula moja, kwa siku moja, halafu tukawaita mmoja mwerevu na mwingine mzito, tukamweka mmoja katika kundi la wasomaji hodari na mwingine katika kundi la wanaobaki nyuma. Tena inaingia kwa mlango wa pili, ambao ni mkubwa zaidi, pale mwaka wa ziada unapokuwa bidhaa inayopatikana kwa mwenye fedha na si kwa mwenye uhitaji.

Niongeze jambo linalotuhusu sisi walimu na wanaopanga mitaala. Wazazi hawakuanza kuikimbia chekechea bila sababu. Friedrich Froebel, mwanzilishi wa chekechea, alipoanzisha kituo chake nchini Ujerumani mwaka 1837, na mwaka 1840 akakiita bustani ya watoto, alikijaza vitu vya kuchezea, mipira ya sufi na vipande vya mbao, pamoja na nyimbo. Linganisheni na utafiti mmoja wa Marekani uliowahoji walimu wa chekechea katika vipindi viwili: mwaka 1998 walioamini kwamba mtoto anapaswa kujua kusoma kabla hajamaliza chekechea walikuwa asilimia 31, na mwaka 2010 walikuwa asilimia 80. Katika miaka 12 tu tulichukua kazi ya darasa la kwanza tukaishusha kwa watoto wa miaka 5. David Deming na Susan Dynarski walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba mwaka 1968 watoto wa miaka 6 waliokuwa darasa la kwanza au zaidi walikuwa asilimia 96, na kwamba kufikia mwaka 2005 walishuka hadi asilimia 84. Naona mambo haya mawili yakisukumana kama watoto kwenye bembea: kazi inapandishwa, wazazi wanangoja ili mtoto aimudu, darasa linajaa watoto wakubwa, na mwalimu akiwatazama anaona kwamba kazi hata bado ni nyepesi, anaipandisha tena. Anayeumia katika mzunguko huo ni mtoto wa mama wa zamu, aliyeingia kwa wakati wake, kama sheria ilivyomwambia.

Wapo wanaosema dawa ni kukataza. Katika shule za umma za jiji la New York mtoto hupangwa kwa mwaka wake wa kuzaliwa, na kwa kawaida mzazi haruhusiwi kumbakiza nyuma kwa matakwa yake. Ninauheshimu msimamo huo, kwa sababu unamtazama kila mzazi kwa jicho moja. Lakini katazo halimsaidii mtoto aliyejificha nyuma ya kiti. Linahakikisha tu kwamba tajiri naye ataingia akiwa hajawa tayari, au atalipia shule binafsi. Wengine wanasema tuisogeze tarehe. Jimbo la Connecticut lilifanya hivyo kuanzia mwaka wa masomo wa 2024-2025, likaitoa 1 Januari na kuirudisha nyuma hadi 1 Septemba, ili watoto wasiingie wakiwa na miaka 4. Ni busara kwa umri wa kuanzia, ila mstari uliosogezwa bado ni mstari, na upande wake mmoja atasimama tena mtoto aliye mdogo kuliko wote. Mwandishi Richard Reeves alipendekeza mwaka 2022 kwamba wavulana wote waanze mwaka mmoja baada ya wasichana, kwa kuwa hukomaa polepole zaidi. Ninachokipenda katika pendekezo hilo ni kwamba linataka mwaka wa ziada uwe wa wote, si wa wenye uwezo peke yao; nisichokipenda ni kwamba nimefundisha wasichana waliohitaji kungoja na wavulana ambao ingekuwa dhambi kuwangojesha, na sioni kwa nini tuchague kwa jinsia wakati mtoto mwenyewe yupo mbele yetu.

Waliofika karibu na kiini cha jambo hili, kwa maoni yangu, ni Waskoti. Huko watoto huanza shule wakiwa kati ya miaka 4 na nusu na miaka 5 na nusu, na kwa miaka mingi mzazi wa mtoto ambaye hajatimiza 5 siku ya kufungua shule alikuwa na haki kisheria ya kumngojesha. Ila kwa wengi wao, malezi ya mwaka ule wa kungoja hayakuwa na uhakika wa kugharimiwa na serikali. Ilitegemea mwezi aliozaliwa mtoto na uamuzi wa halmashauri. Wazazi waliipinga hali hiyo hadi, kuanzia Agosti 2023, kila mtoto anayengoja kwa sababu hajatimiza miaka 5 akapewa mwaka mwingine wa elimu ya awali bila malipo. England, jirani yao, bado haijafika hapo: mzazi wa mtoto aliyezaliwa kati ya 1 Aprili na 31 Agosti anaweza kuomba mwanawe aanze mwaka mmoja baadaye katika darasa la kwanza kabisa, lakini uamuzi ni wa mamlaka inayopokea maombi, na jibu linaweza kutofautiana kati ya sehemu moja na nyingine. California ilipita njia yake, ikaunda darasa la mpito kwa watoto waliokuwa wakikosa tarehe kwa miezi michache, kisha ikalipanua mwaka hadi mwaka ili kufikia mwaka wa masomo wa 2025-2026 liwapokee watoto wote wa miaka 4. Njia hizi zinatofautiana, lakini katika Skoti na California mama wa zamu angekuwa na jibu la swali lake.

Hilo ndilo ninalolidai, wajumbe wa bodi, na ninalidai kwa moyo wote. Ikiwa tunaamini kwamba wapo watoto wanaonufaika na mwaka wa kungoja, nami naamini wapo, basi mwaka huo uwe na mahali, uwe na mwalimu, uwe na vitu vya kuchezea, na usilipiwe. Nafasi zake zigawiwe kwa kumtazama mtoto: anavyozungumza, anavyoachana na mzazi wake asubuhi, anavyomudu choo, vifungo na kungoja zamu, na vilevile kwa kumsikiliza mzazi, ambaye anamjua kuliko sote. Ikiwa hatuwezi kuutoa kwa kila anayeuhitaji, basi tusijifariji kwamba tumewapa wazazi uhuru wa kuchagua.

Kwa walimu wenzangu nina ombi dogo ambalo halingoji bajeti. Katika daftari langu, karibu na kila jina, sasa ninaandika umri kwa miaka na miezi, na kila ninapotaka kuandika lolote kuhusu uwezo wa mtoto ninautazama kwanza. Kuna siku ambazo baada ya kutazama nimeiweka kalamu chini. Watafiti wa Uingereza wamependekeza kwamba hata alama za mitihani zirekebishwe kwa umri ili mtoto alinganishwe na wa rika lake hasa, na naona hilo linawezekana kabisa hata kwetu kwenye vipimo vya muhula, kwa sababu tarehe zote tunazo.

Kwa wazazi mnaoweza kungoja, siji kuwahukumu. Anayemlinda mtoto wake hafanyi kosa, na mtoto akiwa bado hajawa tayari, kungoja ni sawa. Ninawaomba tu mjiulize kwa ukweli kama mnangoja kwa sababu mtoto hajawa tayari au kwa sababu mnataka awe mbele ya wengine. Mtoto aliyesoma neno TOKA juu ya mlango alirudi mwaka uliofuata akiwa na miaka 6, na kufikia katikati ya muhula alikuwa akimaliza kazi zake zote kabla ya wenzake, kisha akakaa akichungulia dirishani. Baba yake aliniuliza kwa nini mtoto anasema shule inamchosha.

Na yule mwingine, wa kalamu ya rangi, alilia kila asubuhi kwa wiki saba. Nilimhesabia. Wiki ya nane alikuja mwenyewe hadi kwenye meza yangu akanitajia jina lake, la kwake na la mama yake, kana kwamba ndiyo kwanza ananijibu swali nililomwuliza siku ya uandikishaji. Alimaliza mwaka akiwa bado hajui nusu ya herufi, na ripoti yake niliiandika mara tatu kabla sijaridhika nayo.

Ana mdogo wake. Mdogo huyo anatimiza miaka 5 mwakani, siku tisa kabla ya tarehe ya kikomo, na mama yao amekwisha kuja kuniuliza kama safari hii kuna namna yoyote ya kungoja. Nimemwomba anivumilie hadi kikao hiki kiishe, ndipo nimpelekee jibu. Mwenyekiti, nakurudishia nafasi.